Jane Harrison hakuanza kazi mwaka 1898

Ndugu Mhariri,

Nimeifurahia makala yenu kuhusu Jane Ellen Harrison, mtafiti wa dini ya Wagiriki wa kale. Nina ugomvi na sentensi moja tu, ile inayosema kwamba kazi yake ilianza mwaka 1898 aliporudi Newnham, chuo cha wanawake cha Cambridge, akikaribia umri wa miaka 50. Kwani miaka karibu 20 ya kabla ya hapo alikuwa amelala?

Alimaliza masomo Newnham mwaka 1879, akahamia London. Huko alijifunza sanaa ya Kigiriki katika jumba la British Museum, kisha akawa anafundisha mbele ya vyungu na sanamu zenyewe. Aliomba uprofesa wa akiolojia mwaka 1888 na tena 1896, akanyimwa mara zote mbili.

Vyungu na sanamu hizo ndizo zilizompa jicho. Wasomi wengi wa wakati wake walianza na tenzi za mshairi Homer, wakaona miungu ya mlima Olympus, ambayo mfalme wao ni Zeus, na kuridhika. Chukua sikukuu ya Diasia pale Athens. Mwanahistoria wa kale Thucydides anasema ilikuwa ya Zeus kwa jina lake la Meilichios. Harrison akaenda kutazama mawe ya nadhiri (yaliyotolewa na waabudu) yaliyopatikana Piraeus, bandari ya Athens, na kwenye baadhi yake aliyechongwa si mfalme wa miungu bali nyoka mkubwa aliyejiviringisha. Tena mwandishi wa kale Xenophon alipomtolea Meilichios sadaka ya nguruwe, aliwateketeza wazima, bila kubakiza nyama ya karamu, kama walivyotolewa sadaka wa chini ya ardhi. Harrison akahitimisha kwamba aliyetangulia kuabudiwa ni nyoka, mzimu wa chini ya ardhi, na Zeus alikuja kupachikwa juu yake baadaye. Hoja hiyo ndiyo inayofungua kitabu chake kikuu cha 1903. Asiyezoea kukaa na vitu vya makumbusho angeipata wapi?

Sisemi kwamba hakukosea. Dai lake kuwa tambiko hutangulia kisasili (hadithi ya miungu) limepingwa sana, na kitabu chake cha 1912 kina kurasa zinazonichosha hata mimi niliye shabiki.

Naomba toleo lijalo mrekebishe mwaka huo.

Msomaji wenu wa siku nyingi