Harambee ya Kuweka Mawe ya Alama kwenye Barabara ya Zamani ya Mackinnon na Sclater, Kibwezi

Wazazi wapendwa, wanafunzi wa zamani na majirani zetu wa Kibwezi, mlio nyumbani na mlio mbali,

Tunawaita kwenye harambee ya shilingi 110,000. Fedha hizi zitasimamisha mawe 12 ya alama pale ilipopita barabara ya mikokoteni ya maksai. Watoto wetu wanajua habari za reli na simba wa Tsavo. Barabara iliyoitangulia reli hawaonyeshwi, na majembe yanaifuta msimu baada ya msimu.

Barabara hii ilikuwa na urefu wa karibu kilometa 1,000, kutoka pwani hadi mpaka wa Uganda upande wa Busia. Sehemu ya kwanza, Mombasa hadi Kibwezi, ilianzishwa mwaka 1890 na kampuni ya Sir William Mackinnon, msimamizi wa kazi akiwa George Wilson. Kampuni ikaishiwa fedha. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza iliitwaa nchi, na Kapteni Bertram Sclater, mhandisi wa jeshi, akaiendeleza barabara kuanzia hapa Kibwezi. Hapa kwetu ndipo barabara ya kampuni ilipokwisha na ya serikali ikaanza. Sclater alifariki Zanzibar mwaka 1897.

Nia ya barabara hii ilikuwa kuwapumzisha wapagazi, maana mtu mmoja alibeba kilo 30 hivi kichwani safari nzima. Lakini mikokoteni ilihitaji maksai, na maksai waliuawa na mbung'o huku nyanda za chini, kiu ya nyika kame ya Taru, na sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ya miaka ya 1890. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, na barabara ikaachwa. Mji wa Mackinnon Road umebaki na jina lake. Kule Nairobi, Sclater's Road sasa ni Waiyaki Way, na Waiyaki wa Hinga mwenyewe, kiongozi wa Wakikuyu, alifia hapa Kibwezi mwaka 1892 akipelekwa pwani. Jambo hilo pekee latosha kuandikwa kwenye jiwe.

Hatutaweka jiwe kwa kukisia. Tutalinganisha ramani za zamani zilizoko Nyaraka za Taifa na maelezo ya wazee, kisha tutembee kwa miguu. Barabara hii haifanani na njia ya ng'ombe, ambayo hupindapinda na kushuka mtoni wima. Maksai wenye mzigo hawawezi mteremko huo, kwa hiyo barabara ya mikokoteni huchongwa kwa mshazari kwenye ukingo, na ng'ambo ya mto utaona mchongo mwingine unaotazamana nao, upana uleule. Ushahidi wa aina mbili usipokubaliana, mahali hapo panaachwa. Jiwe litakaa mita 2 nje ya njia ili tusichimbue mabaki yenyewe, na chochote kitakachopatikana ardhini kitaripotiwa kwa Makavazi ya Taifa, kama Sheria ya Turathi ya 2006 inavyotaka. Mwenye shamba ataombwa ruhusa ya maandishi kwanza.

Kila jiwe la alama ni nguzo ya zege, sentimita 30 kwa 30, urefu mita 1.5, na sentimita 60 kati ya hizo zitakuwa ardhini juu ya kitako cha sentimita 60 kwa 60, unene 20. Shimo basi ni sentimita 80. Penye udongo mweusi, fundi asirudishie udongo uleule: ukinyweshwa unavimba, ukikauka unapasuka, na nguzo inainama. Pajazwe murram na kushindiliwa. Mchanganyiko ni saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Maji ya kisima chenye chumvi yasitumike kabisa, yanakula nondo. Zege lifunikwe magunia na kumwagiwa maji siku 7. Maandishi yatachongwa kwenye bamba la mawe na kuzamishwa ndani ya zege. Bamba la chuma au shaba litang'olewa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Kwa nguzo zote 12 tunahitaji mifuko 18 ya saruji ya kilo 50, nondo 7 za milimita 10 zenye urefu wa mita 12, mchanga mita za ujazo 1.2 na kokoto 2.3. Mabamba ya mawe ndiyo yanayokula fedha nyingi, shilingi 42,000. Mafundi ni 18,000, na kinachobaki ni vifaa, mbao na usafiri.

Aliye na saruji alete saruji. Tutaipokea kwa thamani yake. Mfuko ni shilingi 800, na familia au kikundi kinaweza kuchukua bamba zima kwa 3,500. Michango yote ipelekwe kwa mweka hazina katika ofisi ya shule, na kila mchango una risiti. Orodha ya waliotoa na hesabu ya matumizi zitabandikwa kwenye ubao wa matangazo kila Ijumaa. Vijana wenye nguvu, tunahitaji pia mikono ya kuchimba.

Tunaomba michango ikamilike kabla ya mvua za Oktoba. Zikianza, lori la kokoto halifiki huko ndani.