Hifadhi ndogo haina bomba la majitaka mlangoni

Mhariri,

Makala yenu ya kuwahimiza wasomaji wa Minnesota kwenda na karavani, yaani tela la kulala linalokokotwa na gari, kwenye hifadhi ndogo za jimbo tumeifurahia, ila imeacha wazo la hatari: kwamba ukifika unachomeka waya, unafungulia maji, basi. Hivyo ndivyo mambo yalivyo kwenye kambi nyingi za kibiashara. Hifadhi kama Monson Lake, yenye majengo ya miaka ya 1930, haikuchorwa kwa ajili ya tela la mita kumi. Kwenye hifadhi ndogo, nafasi ya kuegesha yenye umeme mara nyingi ina umeme peke yake, bila maji wala bomba la majitaka.

Kwa hiyo anzeni na urefu. Nafasi huweza kuhifadhiwa siku 120 kabla. Someni urefu wake kabla ya kulipa, kisha pimeni tela kuanzia ncha ya ulimi, ule mkono wa mbele unaofungwa kwenye gari, hadi bampa ya nyuma. Namba iliyomo kwenye jina la modeli mara nyingi haihesabu ulimi.

Umeme ndio unaowashinda wengi. Soketi ya ampea 30 kwa volti 120 hutoa wati 3,600 tu. Kiyoyozi kimoja hula ampea 12 hadi 16, hita ya maji ya umeme 12, maikrowevu nayo karibu 12. Washeni vyote vitatu, breka inakatika. Dawa ni kuhamishia hita kwenye gesi na kuzima kiyoyozi wakati wa kupasha chakula. Adapta ya kuingiza plagi ya ampea 50 kwenye soketi ya 30 haiongezi umeme hata chembe.

Kibaya zaidi ni volti kushuka. Jumamosi ya joto la Julai, viyoyozi vyote vikinguruma, volti zinaweza kuteremka chini ya 105. Mota ya kiyoyozi hapo huvuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ile ile, inachemka, mwisho inaungua, na breka haioni kasoro yoyote. Nunueni kifaa cha kulinda umeme kinachojikata volti zikifika 104. Kile cha bei nafuu cha kuzuia radi hakifanyi kazi hiyo. Tena zimeni swichi iliyo kwenye nguzo ya soketi kabla ya kuchomeka, maana cheche hula meno ya plagi.

Usawa wa tela hupangwa kwa hatua. Likiwa bado limefungwa kwenye pikapu, wekeni pimamaji sakafuni, mpandishe tairi la upande wa chini juu ya ubao, mkaze kabari mbele na nyuma ya matairi. Hapo ndipo mfungue, kisha mrekebishe mbele na nyuma kwa jeki ya ulimi. Jeki za pembeni ni za kutuliza mtikisiko; mkizitumia kunyanyua, hupinda. Friji ya gesi ikilala upande, amonia yake haizunguki vizuri, na uharibifu huo mara nyingi hautengenezeki.

Tangi la maji safi lijazeni kwenye bomba la pamoja la hifadhi kabla ya kuegesha. Galoni 40 zina uzito wa kilo 150 hivi, kwa hiyo nendeni polepole.

Sasa choo, ambacho makala haikukigusa kabisa. Tangi likiwa tupu, mimineni lita 15 za maji kabla ya matumizi ya kwanza, na vali ibaki imefungwa. Popote penye bomba la majitaka, anayeiacha wazi huona maji yakitoka na kinyesi kikibaki, kikijijenga kama kichuguu mpaka kikauke. Siku ya kuondoka, kwenye kituo cha kumwagia, kama tangi halijafika theluthi mbili liongezeni maji kwanza, ili uzito usukume kila kitu kwa mkupuo. Fungueni la choo kwanza, kisha la maji ya sinki na bafu, yaoshe bomba. Vaeni glovu. Mpira wa maji ya kunywa usiguse kituo hicho hata kidogo, na maji ya sinki hayamwagwi majanini.

Hatukubaliani na sentensi isemayo kwamba jenereta ndogo haimsumbui mtu. Kando ya ziwa sauti husafiri juu ya maji hadi ng'ambo, na watu huja pale kwa ajili ya utulivu. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu. Usielekezwe kwenye dirisha la mtu yeyote.

Na msibebe kuni kutoka nyumbani. Mdudu atoboaye miti iitwayo ash, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, alionekana Minnesota mwaka 2009, na kuni za kusafirishwa ni mojawapo ya njia zake. Nunueni zilizoidhinishwa karibu na hifadhi, na risiti mkae nayo.

Wasomaji wenu,
Saint Paul, Minnesota