Kwako Somoe: Mama hakusikia kiu

Shangani, Mtwara
Jumapili jioni

Somoe mwenzangu,

Salaam aleikum. Watoto hawajambo? Shemeji je? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Hadija kajifungua salama, mtoto wa kike, na safari hii jina katoa bibi mzaa baba, kwa hiyo maneno yamekwisha. Mengine nitakupigia simu. Nimeshika kalamu kwa ajili ya Mama, na kwa ajili ya mama yako pia. Kwa simu ningelia tu nisifike mwisho.

Jumanne nilikuwa Tandahimba. Msimu huu unaujua: Mama akishaswali alfajiri haonekani tena nyumbani, yuko shamba anaokota korosho mpaka jua la utosi. Saa saba Zawadi akaja mbio, nguo yote madoa ya mabibo. "Shangazi, bibi anaongea na babu." Babu, Somoe! Baba tumemzika mwaka wa sita huu. Nikamkuta ameegemea mkorosho, midomo imekauka, macho yameingia ndani, moyo unamwenda mbio, anamwambia marehemu alete ndoo nyingine. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, mpaka zahanati. Kipimajoto kikasoma 39. Wakamtundikia dripu, na chupa ya pili ilipofika nusu akanitambua. Nikamuuliza, "Mama, leo umekunywa maji saa ngapi?" Akanijibu kwa upole kabisa: "Sijasikia kiu, mwanangu."

Neno hilo halinitoki.

Miaka tisa nafundisha kidato cha tatu jinsi mwili unavyojilinda usipotoke kwenye mizani yake. Huwa nawaambia kwamba Mfaransa Claude Bernard, karne ya 19, ndiye aliyeona kuwa mwili una mazingira yake ya ndani, na kwamba mwaka 1926 Mmarekani Walter Cannon akaipa hali hiyo jina, homeostasisi. Nachora ubao mzima. Lakini pale zahanati nilikuwa nauona ule mchoro kwenye uso wa mama yangu.

Ndani ya ubongo kuna sehemu inaitwa haipothalamasi, haizidi ukubwa wa korosho moja. Hiyo inapima joto la damu saa zote. Likipanda juu ya 37 hivi, inaamuru mishipa ya ngozi ipanuke na jasho litoke, na jasho likikauka linaondoka na joto. (Ndiyo maana hapa mjini, hewa ikiwa nzito ya bahari, unachuruzika tu na hupoi, jasho halipati pa kukaukia.) Sasa jasho linatoka wapi? Ni maji ya damu hiyohiyo. Damu ikianza kukolea, ubongo unafanya mawili kwa pamoja: unatuma homoni kwenye figo zibane maji, na unakutia kiu. Figo zinachuja lita 180 hivi kwa siku, karibu zote zinarudishwa mwilini, mkojo ni lita moja au mbili tu. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai, jua zimebana kweli.

Ila figo haziwezi kuumba maji. Zinabana yaliyopo. Ya kuongeza ni kazi ya kiu, na kiu, Somoe, inafifia na uzee. Figo zenyewe nazo haziwezi kubana kama zamani. Mama hakuwa mkaidi. Mwili wake haukumwambia. Mimi nilikuwa nimekaa kibarazani naongea na wageni nikidhani mtu mzima akihitaji maji ataomba.

Sasa tumepanga hivi: dumu la maji linaning'inia mkoroshoni, na kila akijaza ndoo Zawadi anampa kikombe, awe na kiu asiwe nayo. Saa nne anarudi nyumbani. Siku mbili za kwanza nilimtengenezea maji ya chumvi na sukari, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vya kufuta. Sukari ndiyo inayoivuta chumvi ipite utumboni, na maji yanaifuata. Akalalamika kuwa si chai wala si mchuzi, lakini alimaliza. Mama yako usimpe hayo kila siku, ana presha. Yeye ni maji tu, na hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu kidonge chake kile kinamkojosha. Asikiache hata siku moja, nakuomba, ila mtu amwulize daktari jua hili anywe kiasi gani.

Nilimpitia Alhamisi. Alikuwa peke yake shambani, kanga kichwani, mtungi uko nyumbani. Nikamwuliza kama amekunywa maji. Unajua alichonijibu.

Nani anakaa naye mchana siku hizi? Bakari bado anakwenda Newala kila wiki? Kliniki yake ya presha ni tarehe ngapi, nimpeleke mimi? Utaweza kumpigia kila siku saa nne, hata dakika moja, usimwulize kama ana kiu, umwambie anywe ukimsikia? Na wewe mwenyewe unakuja lini?

Mwenzako,
Mwanahawa