Ng'ombe wa kamba nimemkuta Hispania

Grazalema, Hispania
Jumamosi usiku, Novemba

Sahibu yangu Hamad,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto na mzee wetu hapo Kengeja, Pemba. Mimi sijambo, alhamdulillah, isipokuwa magoti yananiuma kwa sababu utakayoiona mbele. Ningeweza kukupigia simu, lakini haya ninayotaka kukueleza ni mengi, na mengine nataka umsomee mzee taratibu, jioni, akiwa ameshakunywa kahawa yake.

Niko Hispania. Yule mwenzangu wa kazini niliyekutajia, mtu wa Jerez, alikuwa anakwenda kwao kumtazama mamake, akaniambia, Omar, chukua likizo twende, nikuoneshe milima ya kwetu. Tukaondoka Uingereza, tukashuka Málaga, tukakodi gari. Mpaka Ronda barabara ni pana. Baada ya hapo inaanza kupinda na kupanda, kona juu ya kona, mizeituni imejipanga kwenye miteremko kama mikarafuu ya shamba lililotunzwa vizuri. Halafu ghafla tu, kona moja, nikaona kijiji.

Hamad, sikusema kitu kwa muda. Nyumba zote nyeupe, zimeshikana bega kwa bega, mapaa ya vigae vyekundu, na nyuma yake limesimama jabali la kijivu lililo wima kama ukuta. Linaitwa Peñón Grande. Kijiji kina watu kama elfu mbili tu, kimekaa zaidi ya mita 800 juu ya bahari. Weupe ule si rangi ya dukani, ni chokaa. Sisi chokaa tunachoma matumbawe, wao wanachoma mawe ya mlima, kwa sababu mlima wote ule ni jiwe la chokaa. Nilipopitisha kiganja ukutani kikatoka na unga mweupe, nikamkumbuka bibi yangu akipaka chokaa nyumba ya Wete kila inapokaribia Idi.

Tulifika Jumatano, na Jumatano hiyohiyo ikaanza mvua. Ikanyesha usiku kucha, ikanyesha Alhamisi kutwa, ikanyesha Ijumaa mpaka alasiri. Huku Ulaya watu wakisema Hispania wanakusudia jua, na wengi huja kulifuata hilohilo. Lakini Grazalema ni miongoni mwa mahali penye mvua nyingi kuliko pote nchini. Kwa mwaka huteremka kama milimita 2,000, zaidi ya mara tatu ya mvua ya London. Mwenzangu alinieleza sababu yake tukiwa dirishani: mawingu yanakuja kutoka bahari ya Atlantiki yamejaa maji, yanapita mabondeni bila ya kuzuiwa, na milima hii ndiyo ya kwanza kuyakinga. Yakifika hapa hupandishwa juu, yakapoa, yakamwaga yote. Mimi nilikuwa nikisikiliza sauti ya maji kwenye vigae tu. Tangu nihamie Uingereza sijasikia mvua ya namna ile. Ya kule ni manyunyu, haina kishindo. Hii ilikuwa masika ya Pemba hasa, ile inayomfanya mtu asitishe maneno mpaka ipite.

Na maji yenyewe hayakai. Jiwe la chokaa linayanywa, yanapotelea chini, kisha yanatokeza mbali kwa chemchemi. Mto unaoanzia milima hii unaitwa Guadalete. Hilo “guada” ni wadi, yaani bonde la mto, neno lilelile la wadi za Oman alizokuwa akituhadithia ami yako aliporudi kutoka Ibra. Nilipoambiwa hivyo nikaanza kuyatega sikio majina. Vijiji jirani ni Benamahoma na Benaocaz, na wenyewe wanasema “bena” ni bani, wana wa fulani. Waislamu walikaa nchi hii tangu mwaka 711. Ronda ilichukuliwa na wafalme wa Kikristo mwaka 1485, Granada mwaka 1492, na kuanzia 1609 hata wale waliokwishabatizwa wakatolewa nchini, wakapakiwa majahazini wakavushwa. Majina yakabaki. Nilisali Ijumaa adhuhuri chumbani peke yangu, nimeelekea mashariki kusini kidogo, maana kibla cha huku si kaskazini kama chetu, nikawaombea dua watu wale nisiowajua hata jina.

Maneno ndiyo yaliyonishika zaidi. Zeituni wanaita aceituna. Sukari, azúcar. Fulani, fulano. Na wakiagana jioni wanasema “hasta mañana”, na hiyo “hasta” ndiyo “hata” yetu, ile ya ngano za bibi, “wakaenda, wakaenda, hata wakafika”. Sote tumeitoa kwa Waarabu. Kwenye orodha ya vyakula nikakuta “jabalí”, nikadhani ni jina la mlima. Kumbe ni nguruwe mwitu. Kwa Kiarabu jabal ni mlima, naye wamemwita huyo wa mlimani. Basi nikaagiza jibini ya mbuzi, mayai, mkate na asali. Mbuzi wao wanaitwa payoya, na jibini yao ni ngumu, ina ukali unaobaki ulimini. Ningeweza kuila kila siku.

Sasa ya karata. Alhamisi, mvua ikiwa imetufungia, tuliingia mkahawa mmoja karibu na kanisa. Ndani moto unawaka kwenye meko, na mezani wazee wanne wanacheza. Nikaagiza kahawa nikasimama nyuma yao, kama tulivyokuwa tukisimama nyuma ya wakubwa barazani. Mzee mmoja akatupa karata, na juu yake kuna picha ya vikombe vya dhahabu. Nikamwuliza mwenzangu, hii nini? Akasema, copas. Nikamwambia kopa! Ikashuka nyingine, ina panga limechorwa, panga la kweli lenye mpini. Espadas. Ndiyo shupaza, Hamad. Ikaja ya sarafu za dhahabu, oros, nayo ndiyo uru. Miaka yote ile tunagombana juu ya turufu hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba uru ni dhahabu na shupaza ni panga. Za kwetu zina alama tu, moyo na jani. Wareno ndio waliotuletea majina, na Wareno na hawa ni majirani, maneno yao ni ya nyumba moja. Picha ndizo hazikutufikia. Nilimwomba mzee aniazime ile karata ya panga, nikaishika mkononi, imelainika kwa kushikwa, pembe zake zimekatika. Akaniuliza nacheka nini. Mwenzangu akamfasiria. Mzee akagonga kiti kilichokuwa kando yake nikae.

Huyo mzee nitamrudia.

Leo Jumamosi kumepambazuka bila ya wingu. Tulikuwa tumekwishaomba ruhusa ya kuingia msituni, maana ni hifadhi na idadi ya waingiao kwa siku ina mpaka. Njia inaanzia juu ya Grazalema, inapanda kwa kukata roho mwanzoni, kisha inakwenda ubavuni mwa mlima mpaka Benamahoma, zaidi ya kilomita kumi. Hapo ndipo magoti yaliponitoka. Lakini nilichokwenda kukiona nimekiona. Kuna mti unaitwa pinsapo, wa jamii ya misonobari, umbo lake kama pia, mrefu uliosimama imara, majani yake mafupi magumu yamezunguka kijiti pande zote kama brashi ya kuoshea chupa. Ukikishika kijiti kinakuchoma. Matunda yake hayaning'inii, yanasimama wima juu ya matawi na kupukutikia hukohuko. Wataalamu waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1838. Zamani, dunia ilipokuwa na baridi zaidi, ulienea. Joto liliporudi ukakimbilia ubavu wa kaskazini wa milima hii, kwenye kivuli na unyevu, ukabaki hapo. Kwa Hispania unaota wenyewe katika milima mitatu tu, yote ya huku kusini, na ng'ambo ya bahari, Moroko, wako ndugu zake.

Niliukumbuka mpapindi. Unakumbuka mwalimu alipotupeleka msitu wa Ngezi, akatusimamisha mbele ya mpapindi akasema mti huu haupo popote duniani ila Pemba? Wengine walikuwa wakitafuta popo. Mimi siku ile sikuona kitu, niliona mnazi mwembamba usio na nazi. Leo nimekaa chini ya pinsapo mmoja, gome lake limejaa kuvu, shina siwezi kulikumbatia likaenea, nikajilaumu kwamba sijawahi kurudi Ngezi hata mara moja nikiwa mtu mzima. Juu yetu walikuwa wakizunguka tumbusi, ishirini au zaidi, mabawa yao karibu mita mbili na nusu, hawayapigi kabisa. Mmoja alipita chini yetu, kwenye korongo, nikauona mgongo wake. Sijawahi kuuona mgongo wa ndege arukaye.

Tuliporudi kijijini, jua linakuchwa, mwenzangu akanipitisha njia nyingine ili anioneshe sanamu. Nikageuka kona nikasimama. Ng'ombe dume wa shaba, mkubwa kama mwenyewe, kichwa amekiinamisha, na kwenye pembe zake imefungwa kamba.

Nilimuuliza, huyu ng'ombe wa nini? Akasema, wa kamba, toro de cuerda. Kila mwaka, Jumatatu moja ya mwezi wa Julai, humtoa ng'ombe amefungwa kamba ndefu, vijana wakamkimbiza au yeye akawakimbiza katika vichochoro hivi vya mawe, na asiyeweza kukimbia hupanda kwenye nondo za madirisha. Nikamwambia, twende kwa yule mzee sasa hivi.

Mzee alikuwa palepale, kiti kilekile. Nikamwambia, kwa tafsiri, kwamba mimi natoka kisiwa kilicho katika Bahari ya Hindi, na kisiwani kwetu tunao mchezo wa ng'ombe, na ng'ombe wetu naye ni wa kamba. Hakuamini. Wenzake wakaweka karata chini. Nikawaeleza kwamba wazee wetu husema tumeupata kwa Wareno, waliofika pwani mwaka 1498 na kutolewa ngomeni Mombasa mwaka 1698. Mwenzangu akaongeza kwamba Wareno wenyewe, katika visiwa vyao vya Azores, mpaka leo wanamchezesha ng'ombe kwa kamba. Nikawaeleza ngoma, wanawake wanavyoimba, mchezaji anavyotoka na kitambaa chake mbele ya ng'ombe, na kwamba ng'ombe hauawi, anarudi kwa mwenyewe. Nikawaeleza nilivyoutazama nikiwa mtoto, juu ya mwembe, na wewe tawi la chini yangu, na mzee wako akiingia uwanjani amefunga shuka kiunoni. Macho ya yule mzee yaliloa. Alisema ujanani alikuwa mkimbiaji, na siku ile ya Julai mpaka leo hulala mchana usingizi ukamkataa usiku.

Kisha akaniuliza: kwenu kamba mnaifunga wapi?

Nikafungua mdomo, Hamad, na jibu sikuwa nalo. Hapa ni kwenye pembe, nimeona kwa macho yangu. Kwetu je, ni shingoni? Ni mguuni? Nimeona michezo mingapi, na naikumbuka vumbi, naikumbuka sauti ya ng'ombe, naukumbuka hata wimbo kwa kipande, lakini kamba naiona mikononi mwa watu tu, mwanzo wake siuoni. Nikamwambia nitauliza. Akasema yeye ana miaka themanini na mbili, kwa hiyo niulize haraka.

Basi nakuomba. Keti na mzee, umwulize yafuatayo, nawe uandike anavyosema yeye, kwa maneno yake: kamba hufungwa wapi, na nani aifungaye. Ni ya makumbi au ya kitu kingine, na urefu wake pima ngapi. Wale waishikao wanaitwaje, maana lazima wana jina. Na ule wimbo wa kumtolea ng'ombe, nitumie wote, mimi ninao mstari wa kwanza na kiitikio tu. Kama anaweza kuimba, mrekodi kwenye simu, usijali kikohozi chake.

Mwenzangu atarudi huku Desemba kwa mamake, amekubali kupanda mpaka Grazalema kupeleka jibu. Nimemnunulia mzee wako shali ya sufu. Hapa wamekuwa wakifuma sufu kwa karne nyingi, imebaki kiwanda kimoja na mitambo yake ya zamani, na fundi wake aliniacha nipitishe uzi mwenyewe mara mbili. Najua Kengeja ni joto, lakini kusi likivuma alfajiri ataihitaji akienda msikitini.

Nisalimie wote, na watoto wabusu.

Wako,
Omar