Barua kwa mwanangu: ile ndoo ya urea

Mwanangu Neema,

Hujambo? Sisi huku wazima, ila bibi yako magoti yanamsumbua tangu mvua zianze. Mahindi yamefika kiunoni.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umekosa swali kwa kuandika kwamba jambo likitokea lenyewe ni lazima litoe joto, na unasema ulilisikia kwangu. Kweli ulilisikia kwangu. Nimelifundisha kidato cha pili miaka mingi, nikijua mtihani wa ngazi ile hautanibana. Nisamehe.

Sasa ikumbuke ile ndoo ya bluu, likizo iliyopita. Tulikoroga kilo mbili za mbolea ya urea kwenye lita tano za maji kabla ya kumimina kwenye pipa la kupigia bomba nyanya. Ulitia mkono, ukautoa upesi: "Baba, maji haya yametoka kwenye friji?" Hakuna aliyezilazimisha zile punje kuyeyuka. Zilikwenda zenyewe, tena zikiyanyang'anya maji joto lake. Kanuni yangu ilikufa mle ndooni, nami nikakujibu "urea ndivyo ilivyo" kwa kuwa bomba lilikuwa linasubiri.

Jibu nililokunyima ni hili. Moli moja ya urea, yaani gramu 60, ikiyeyuka hunyonya karibu kilojuli 15. Lakini ndani ya punje molekuli zimebanana kwenye safu, kila moja na mahali pake. Zikiingia majini zinapata namna nyingi mno za kukaa na kugeuka. Wingi huo wa namna ndio entropia. Usiandike "vurugu" kama wengi wanavyopenda, maana vurugu haihesabiki na hizi namna zinahesabika. Zidisha ongezeko la entropia kwa halijoto, kelvini 298, utapata karibu kilojuli 22. Zitoe kwenye zile 15: hasi 7. Hiyo ndiyo nishati huru aliyoifafanua Gibbs wa Yale, Marekani, miaka ya 1870. Ikiwa hasi, jambo linaweza kwenda lenyewe, liwe la moto au la baridi.

Lini litakwenda, hilo hesabu haisemi. Urea ikikutana na maji ina mteremko mwingine wa nishati huru mbele yake, wa kuvunjika kuwa amonia na kaboni dioksidi, lakini ndoo safi inaweza kukaa siku nyingi bila kunuka. Iweke udongoni uone. Vijidudu vya pale wana kimeng'enya, yaani kiharakishi cha mmenyuko, kiitwacho yurease, na siku chache tu zinatosha. Kimeng'enya hakiongezi mteremko hata kilojuli moja. Kinashusha kilima cha mwanzo basi, yaani nishati inayohitajika kuuanzisha mmenyuko. Mwaka ule niliomwaga mbolea juu juu nikitegemea mvua, mvua ikagoma, asubuhi moja nilipoinama amonia ikanichoma pua. Ilikuwa pesa ya mfuko inapaa. Mama yako hajaacha kunikumbusha, na tangu hapo tunafukia.

Na wewe huko bwenini una kiwanda cha urea. Protini ya maharage ikivunjwa inaacha amonia, ambayo ni sumu, na ini linaifunga ndani ya urea. Huko ni kupanda mlima ule ule ambao udongo unateremka, kwa hiyo lazima mtu alipe. Ini hulipa ATP tatu, yaani molekuli zinazobeba nishati ndani ya seli, kwa kila molekuli ya urea, na moja kati ya hizo hupoteza fosfati mbili, hivyo vifungo vya fosfati vinavyovunjwa ni vinne. Kifungo kimoja kwa hali sanifu hutoa karibu kilojuli 30 kwa moli, na ndani ya seli hutoa zaidi. Jumlisha mlima na malipo, jibu linarudi kuwa hasi. ATP yenyewe inatokana na ugali, na joto la kuuchoma linatoka kwenye ngozi kwenda kutawanyika nje. Mtu aliyetulia anatoa karibu wati 100. Mkiwa hamsini darasani na madirisha mmefunga, unajua mwenyewe hali inavyokuwa.

Mpelekee mwalimu hesabu ya ndoo. Akikuuliza kwa nini maji ya moto huyeyusha urea nyingi zaidi, anzia pale tulipozidisha kwa halijoto.

Bibi anauliza kama sweta limefika.

Baba yako