Barua ya wazi kwa wajukuu wanaopiga picha na kuzipoteza

Wanangu na wajukuu zangu mnaofunga mizigo kila Desemba kwenda kwa wazee,

Hamjambo wote. Nawaandikia nikiwa na uchungu, na sitauficha. Msiba mwingine umepita mtaani, na kwa mara nyingine picha iliyowekwa mbele ya jeneza haikuonyesha macho ya marehemu. Sura ilivutwa mpaka ikageuka vijisanduku, na pembeni likabaki bega la mtu mwingine, maana ilikatwa kutoka kwenye picha ya harusi iliyozunguka WhatsApp miaka na miaka. Wakati huohuo, waliolizunguka jeneza lile walikuwa wajukuu tele, kila mmoja na simu yenye kamera kali. Walikwenda kumwona bibi Krismasi. Walimpiga picha akipepeta mchele, akimpakata kitukuu, akicheka. Ziko wapi? Simu iliibiwa stendi. Simu ilitumbukia ndooni. Flashi imekataa kufunguka. Kila mtu ana kisa, hakuna mwenye picha.

Kwanza mjue kwa nini ile picha ilikuwa na ukungu, maana lawama zote alitupiwa kijana wa steshenari aliyeichapa, naye hakuwa na kosa. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli (vile vitone vidogo vinavyounda picha) 4,000 kwa 3,000. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa mpaka karibu pikseli 1,600 kwa upande mrefu. Karatasi ya A4 ikichapwa vizuri, kwa nukta 300 kila inchi, inahitaji pikseli 3,508 kwa 2,480. Sasa chukua picha iliyopunguzwa, umkate bibi aliyesimama katikati ya ukoo mzima: uso wake una pikseli mia hivi kwa upana. Unataka mia zijaze nafasi ya elfu mbili na ushee. Hakuna fundi wala programu itakayorudisha mikunjo halisi ya uso wa bibi yako. Hizo programu za kung'arisha sura hubuni tu uso wa mtu mwingine anayefanana naye.

Kwa hiyo picha ya mzee itumeni kama hati, si kama picha. Pale kwenye alama ya kuambatisha, chagua hati, kisha itafute picha yenyewe. Itafika na pikseli zake zote, na tarehe ya kupigwa itabaki ndani yake. Ikipita njia ya kawaida tarehe hiyo hufutika, na jina la faili linakuwa kama IMG-20241225-WA0007, ambayo ni siku ilipopita WhatsApp, si siku bibi alipokaa mbele ya kamera. Ndiyo maana mnabishana kama ilikuwa mwaka ule au mwaka uliofuata.

Sasa nije kwenye flashi, na hapa mnivumilie, maana ndizo zinazowaliza watu kuliko kitu kingine chochote.

Flashi ni kitu cha kubebea, si cha kuhifadhia. Ndani yake kumbukumbu hushikwa na chembe za umeme, nazo huvuja polepole flashi ikikaa kabatini miaka bila kuchomekwa. Halafu kuna za bandia. Ukiuziwa flashi imeandikwa TB 2, yaani GB 2,000 hivi, kwa bei ya chakula cha mchana, ujue ndani pengine kuna GB 32 au pungufu, na imechezewa ili kompyuta iamini ni TB 2. Itapokea picha zako zote bila kulalamika. Nafasi ya kweli ikiisha, inaandika juu ya zile za zamani au inatupa kabisa. Majina ya faili utayaona yote yamepangika, ukifungua, tupu. Kabla ya kuamini flashi au kadi mpya ya kumbukumbu, ipime ikiwa haina kitu: kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, kwenye Linux kuna F3. Huijaza yote kisha huisoma tena. Huchukua saa kadhaa. Iacheni ifanye kazi usiku.

Halafu mnaichomeka kwenye kompyuta ya steshenari kuchapa barua moja tu, inarudi na virusi. Folda zote zimegeuka shotikati, vile vialama vya njia ya mkato, na mwenyewe anapiga kelele kwamba picha zimefutika. Hazijafutika! Virusi vimezificha tu. Jirani mjuaji anasema, "ifomati", yaani uifute yote ianze upya. Akifomati, ameziondoa zilizokuwa zimefichwa tu. Wanangu, msifomati. Msibonyeze zile shotikati pia, maana ndizo zinazokiamsha kirusi. Ichomekeni kwenye kompyuta yenye kinga ya virusi iliyo mpya, safisheni, kisha fungueni dirisha jeusi la amri la Windows (Command Prompt) na mwandike, kama flashi imepewa herufi E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitajitokeza. Zinakilini kwenye kompyuta hiyo iliyo safi, na hapo ndipo mwaweza kuifomati flashi. Vivyo hivyo kompyuta ikiwaambia kwamba diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, jibu ni hapana. Toeni, jaribuni tundu jingine, kompyuta nyingine, kisha fundi.

Na mkihamisha picha kutoka kwenye simu, nakilini, msikate na kubandika. Waya ukilegea katikati ya kukata, faili inaweza kukosekana huku na huku. Nakili, linganisha idadi ya faili na ukubwa wa folda pande zote mbili, fungua kama kumi za hapa na pale, kisha ndiyo ufute. Na usichomoe flashi kabla ya kuiambia kompyuta kwamba unaitoa.

Kanuni yenyewe ni fupi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Kwa familia ya kawaida ni simu au kompyuta yako, diski ngumu ya nje, na moja kwa shangazi au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Diski ikianza kulia tik-tik-tik, izimeni palepale. Kila mkiiwasha tena, kichwa kinachosoma kinaweza kuzidi kuikwangua sahani. Picha zikifutwa kwa bahati mbaya kwenye kadi, acheni kupiga nyingine, itoeni kadi, na tumieni programu ya kuokoa faili iitwayo PhotoRec, ni ya bure, huku mkiokolea kwenye diski nyingine na si kadi ileile. Zikifutwa ndani ya simu, kimbilieni folda ya zilizofutwa, ambayo kwa kawaida huzishika kama siku 30.

Hifadhi ya bure ya Google ni GB 15, na tangu 1 Juni 2021 picha zote mpya zinahesabiwa humo pamoja na barua pepe. Akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa. Na katika kuilinda akaunti msiitegemee laini ya simu peke yake: simu ikiibiwa, ujumbe wa kuthibitisha unakwenda kwa laini iliyoibiwa. Chapeni zile namba kumi za akiba ambazo Google huwapa za kuingilia akaunti simu isipokuwepo, mziweke kwenye bahasha pamoja na vyeti.

Safarini: usiku wa kuamkia siku ya kurudi, kabla hamjafika kwenye msukumano wa stendi, hamishieni picha kwenye simu ya pili. Simu kwa simu haihitaji bando. Simu hizo mbili zikae kwenye mifuko miwili, kwa watu wawili.

Mkipiga michezo ya watoto: simu ishikwe kwa mlalo, jua liwe mgongoni kwako, msivute karibu kwa vidole bali msogee. Jioni mtoto anayekimbia atatoka na ukungu, kwa hiyo msubiri anapotulia kupiga penalti. Dakika moja ya video ya ubora wa 1080p ni karibu MB 130. Dakika 90 za mechi zitaijaza simu kabla ya bao. Pigeni vipande. Na kadi iliyofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4, tumieni exFAT.

Nimewasema ninyi, lakini si ninyi peke yenu. Tumewafundisha watoto kompyuta kwa maana ya kuchapa haraka, hatukuwafundisha kutunza. Tunachangia keki na mapambo ya ukumbi kwa mamilioni, halafu hakuna anayemuuliza mpiga video atazishika faili zetu miezi mingapi kabla ya kuzifuta. Kamati ya harusi ina mhasibu. Haina mtu wa kutunza picha. Na tunajipiga sisi wenyewe mara mia kwa siku, huku mzee amekaa pembeni ya fremu.

Basi Desemba hii mketisheni mzee kivulini, uso uelekee kwenye mwanga, simu iwe usawa wa macho yake, umbali wa mita moja na nusu hivi. Pigeni uso na mabega tu, peke yake. Mwiteni kwa jina analolipenda ili aangalie. Folda ipeni jina linaloanza na mwaka, kwa mfano: 2025-12-26 Kwa bibi. Kisha chapeni moja ya sentimita 10 kwa 15, na nyuma yake mwandike jina lake kamili, mahali na tarehe kwa penseli laini bila kukandamiza, maana kalamu ya wino huacha mchoro unaojitokeza upande wa uso.

Ni mimi, babu yenu.