Nyanya Pwani: anza kuhesabu kwenye ua

Kila ifikapo Februari, wateja wa Dar es Salaam hutuuliza swali lilelile: mnyanya umenawiri, maua yamejaa, halafu yanapukutika bila kuacha hata tunda moja. Mbegu mbovu? Mbolea haitoshi?

Mara nyingi ni joto la usiku. Usiku ukikaa kwenye nyuzi 24 au zaidi, chavua ya nyanya hudhoofika na ua halishiki. Pwani, Januari hadi Machi ndivyo usiku ulivyo. Tafadhali usikimbilie kuongeza urea: utapata majani mengi zaidi na maua yataendelea kudondoka.

Julai na Agosti usiku hushuka hadi nyuzi 18 au 20 hivi, na huo ndio wakati wa kutaka maua. Basi hesabu kurudi nyuma. Mche hukaa kitaluni wiki 4, kisha huchukua wiki 3 hadi 4 bustanini kabla ya kuchanua vizuri. Ukisia mbegu wiki ya kwanza ya Mei, unahamisha mwanzoni mwa Juni, maua yanakuja mapema Julai, na katikati ya Agosti unachuma. Sia mara ya pili katikati ya Juni ili mavuno yasikatike.

Ugumu wa Mei ni kwamba masika bado hayajaisha. Kitalu kiezeke kwa nailoni inayopitisha mwanga, pembeni uache wazi hewa ipite. Fukia mbegu sentimita 1 tu, mwagilia asubuhi. Udongo ukishinda umelowa, kinyausi huingia: shina hulainika pale linapogusa udongo na mche hulala chini. Ukiona hivyo, ng'oa ulioanguka na upunguze maji siku hiyohiyo.

Hamisha jioni, mche ukiwa na majani 4 hadi 6. Kwenye tuta acha sentimita 60 kati ya mche na mche. Kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini, panda mmoja tu, hata kama nafasi inaonekana kubwa. Mchanga wa pwani haushiki maji wala rutuba, kwa hiyo changanya samadi iliyooza, ndoo moja kwa mita mraba moja, na utandaze nyasi kavu juu. Leo maji mengi, kesho kutwa hakuna: hapo ndipo nyanya huoza kitako.

Mnyanya ukinyauka ghafla ungali kijani, kata shina karibu na udongo ulining'inize kwenye glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna dawa. Ng'oa pamoja na udongo wa mizizi, na sehemu hiyo usirudishie nyanya, bilinganya wala pilipili.

Kabichi, karoti na saladi nazo zisubiri kipupwe. Mbegu ya saladi hugoma kuota udongo ukiwa na joto kali. Matembele chomeka vipando mvua za Machi zikianza. Mchicha hauna msimu, ila wakati wa masika uupandishe kwenye tuta la sentimita 20.

Miche ya nyanya tunaanza kuitoa mwishoni mwa Mei. Ukija Januari tutakupa mbegu za bamia: ziloweke usiku kucha, na baada ya siku 50 hadi 60 utaanza kuchuma, kila baada ya siku mbili kabla hazijakomaa.